Jimmie Rodgers alivyoota kwato Kapkatet

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Waafrika, alifika Kapkatet na mashine ya kurekodi sauti, jenereta, na waya mrefu wa kuiweka jenereta hiyo mbali na waimbaji, maana ngurumo yake ingeharibu kila kitu. Kapkatet, kituo kilichoko jirani na Litein, kilikuwa ndani ya ile iliyoitwa Wilaya ya Kericho, nchini Kenya. Tracey alishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi yake, akiisogeza kila mara kuelekea sauti aliyotaka isikike zaidi. Walioimba walikuwa wasichana wa Kikipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Chini ya sauti zao ilidunda chepkong, ala ya nyuzi iliyofunikwa ngozi, jamaa wa karibu wa nyatiti ya Waluo na obokano ya Wakisii.

Hawakuwa wakimsifu chifu, wala wimbo haukuwa wa arusi au wa ng'ombe. Walikuwa wakimwita mtu mmoja, tena na tena: Chemirocha. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, huyo Chemirocha ni nusu mtu, nusu swala. Wasichana wanamchochea acheze ile ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis anaijua, aruke kwa nguvu mpaka achomoke ndani ya nguo zake. Na jina lenyewe ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, aliyekuwa amekufa miaka 17 kabla ya siku hiyo katika chumba cha hoteli jijini New York.

Rodgers hakuwahi kukanyaga Afrika.

Wapenzi wa muziki wa Marekani wamekisimulia kisa hiki kama kichekesho kitamu, na ni kweli kinachekesha. Lakini ukikitazama kutoka upande wa Kericho na Bomet, nchi ya Wakipsigis, kuna jambo lingine ndani yake. Ule wimbo wa dakika chache ni wasifu. Ni maisha ya mwanamuziki maarufu yaliyotungwa na wasikilizaji ambao hawakupewa habari zake zozote ila sauti. Na kama wasifu wowote wa msanii, umepata wasomaji wa kila namna: walioamini, waliocheka, walioudharau, na waliodai kwamba mwandishi hakueleweka.

Wasifu uliochapishwa ulitoka Texas, lakini kwanza maisha yenyewe. James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akakulia Meridian na miji ya jirani, akaanza kazi ya reli akiwa kijana mdogo. Alikuwa mfunga breki wa garimoshi, kazi ya kuning'inia baina ya mabehewa kwenye baridi na mvua. Mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, na hapo reli na yeye zikaanza kuachana. Tarehe 4 Agosti 1927, mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, alirekodi nyimbo mbili mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Siku chache kabla, katika jengo hilohilo, Peer alikuwa amewarekodi Carter Family, na ndiyo sababu Wamarekani huihesabu wiki hiyo kuwa chimbuko la muziki wao wa kantri. Kuanzia hapo Rodgers aliishi miaka sita tu. Aliacha nyimbo zaidi ya 100, akapiga pamoja na Louis Armstrong mwaka 1930, na katika siku zake za mwisho studioni, Mei 1933, ilibidi awekewe kitanda cha kupumzikia kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huohuo akiwa na miaka 35.

Mjane wake, Carrie, hakungoja. Mwaka 1935 alitoa kitabu kuhusu mumewe, na ndani yake Jimmie ni mume mpole, mkarimu kupita kiasi, mwenye deni mkono huu na tabasamu mkono ule. Mashabiki walikikumbatia. Wachunguzi wa baadaye walikisoma kwa jicho la pembeni, kwa sababu tarehe zake zinayumba na mapenzi yamefunika mengi. Nolan Porterfield alipochapisha wasifu wake mkubwa mwaka 1979, msomaji alikutana na mtu mwingine kidogo: mwenye ndoa ya awali iliyovunjika, mpenda magari na anasa, hodari wa kujitengenezea hadithi. Kila upande ulikuwa na watetezi wake. Hilo ni la kawaida. Bob Dylan, ambaye mwaka 1997 alisimamia albamu ya wanamuziki mbalimbali wakiimba nyimbo za Rodgers, naye alitoa kumbukumbu zake mwaka 2004, zikasifiwa mno, kisha wasomaji wapekuzi wakaanza kuonyesha vifungu vinavyofanana na vitabu vya watu wengine. Waliompenda walisema huo ndio ufundi wake. Wengine walitumia neno kali zaidi.

Kwa hiyo Carrie alimpa Rodgers moyo wa dhahabu, Porterfield akampa madeni yenye risiti, na Kapkatet ikampa kwato.

Sauti hiyo ilifikaje kule? Majibu mawili huzunguka. Moja linasema wamisheni wa Kiingereza ndio waliokuja na gramafoni na santuri, wakawapigia watu. La pili linasema ni askari wa Kiingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yote mawili yanawezekana, na hakuna ulazima wa moja kulifukuza jingine, maana nchi ya Wakipsigis ilikuwa na milango mingi kuliko inavyodhaniwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa reli. Njia ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ikipitia stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Lumbwa ndilo jina ambalo wakoloni waliwapachika Wakipsigis. Wa pili ulikuwa misheni: Willis Hotchkiss, Mmarekani, alijenga kituo chake karibu na Lumbwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, Africa Inland Mission ikaweka mizizi Litein, na Tenwek, nje kidogo ya mji wa Bomet, ikawa kituo cha Wamarekani kabla haijawa hospitali inayojulikana nchi nzima. Msomaji atambue hilo. Santuri za mtu wa Mississippi zingeweza kufika kwa mkono wa Mmarekani mwenzake kwa urahisi uleule kama kwa mkono wa Mwingereza.

Mlango mpana kuliko yote ulikuwa chai. Kabla ya chai palikuwa na kitani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakae hapo walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, maofisa wakatawanyika, mpango ukafa kabla haujatimiza miaka michache. Wenyewe hawakurudishiwa ardhi. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond waliingia, na kampuni ya James Finlay ikafuata, na milima yote kuzunguka mji wa Kericho ikaanza kuvikwa yale majani yaliyokatwa usawa mmoja ambayo leo wapiga picha hawaachi kuyapiga. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na chai haitaki zaidi ya hapo.

Wachumaji wa mwanzo wengi walitoka Nyanza: Waluo, Wakisii, Waluhya. Wakipsigis wengi waliona afadhali mahindi na ng'ombe wao kuliko kuinamia kichaka cha mzungu kwa ujira wa mwezi. Lakini mashamba yale hayakuleta kapu na nyapara peke yake. Yalileta mameneja waliokaa mbali na kwao na waliokuwa na jioni ndefu za kujaza, yakaleta maduka ya Wahindi, na laini za wafanyakazi ambamo watu wa lugha tano waliishi ukuta kwa ukuta. Mahali pa namna hiyo gramafoni haikosi kazi. Afrika Mashariki tayari ilikuwa imezoea santuri: Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake ilipigwa mpaka bara. Rodgers alikuwa akiuzwa Uingereza na India hali kadhalika. Santuri yake kuvuka bahari haikuwa muujiza.

Muujiza ulikuwa katika koo lake. Rodgers alikuwa na ufundi wa kuipandisha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, ikakatika, ikashuka tena, kisha ikapanda. Wazungu wanauita yodeli, na wachungaji wa milima ya Uswisi wanaujua. Rodgers aliuchanganya na bluzi za watu weusi aliofanya nao kazi kwenye reli. Mtu asiyejua neno la Kiingereza, akiwa hana picha wala jalada la kutazama, anasikia mtu anaimba, halafu katikati ya ubeti anasikia kitu ambacho si mtu. Kisha mtu anarudi. Rodgers pia aliiga honi ya garimoshi kwa mdomo, na kwa yeyote aliyekaa karibu na stesheni ya Lumbwa hicho huenda kilikuwa kipande pekee cha santuri alichokitambua mara moja.

Sasa, huyu ni nani? Wakipsigis hawakuanza na ukurasa mtupu. Mwaka 1909 A. C. Hollis, ofisa wa serikali, alichapisha kitabu juu ya Wanandi, ndugu wa damu na wa lugha wa Wakipsigis, na humo ameandika habari za chemosit. Huyo ni zimwi la nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, na kinywa chekundu kinachowaka usiku kama taa. Hutembea kwa kujisukuma na fimbo kama mkuki. Na jambo linalotuhusu ni hili: chemosit huimba. Huimba gizani karibu na msitu, watoto hudhani kuna ngoma, hufuata sauti, na hawarudi.

Weka santuri ya Rodgers mbele ya wasichana waliolelewa na hadithi hizo. Sauti isiyo na mwili, inayoimba jioni, nusu yake ya mtu na nusu yake ya kitu kingine, imetoka kusikojulikana. Nafasi yake ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Ila tazama walichofanya nayo. Zimwi la Hollis huwavuta watoto kwa wimbo mpaka msituni. Wasichana wa Kapkatet ndio wanaomvuta Chemirocha, kwa wimbo, mpaka uwanjani. Mguu mmoja wa kutisha umekuwa miguu ya swala, mnyama wa mbio na madaha. Na mwisho wa safari yake haliwi wala hauawi: anabaki bila suruali. Hii ni kazi ya watu wenye ucheshi mkali, na ni dhana ya mwandishi huyu, si ya Tracey, kwamba wasichana walijua vizuri sana walikuwa wakimdhihaki nani.

Tracey mwenyewe aliusoma wimbo kwa namna iliyompendeza. Alikuwa Mwingereza wa Devon aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana katika miaka ya 1920 kulima tumbaku, akajifunza Kishona shambani, na maisha yake yote yaliyobaki akayatoa kwa muziki wa Waafrika wakati wenzake wengi waliuona kuwa kelele. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, huko Roodepoort, na mfululizo wake wa santuri za utafiti ulizidi 200. Heshima yake haina shaka. Lakini mtu aliyesoma habari za miungu ya Wagiriki, akisikia habari za nusu mtu nusu mnyama anayecheza muziki, humwona Pan. Maelezo yake yalimfanya Chemirocha kuwa kiumbe wa kale aliyezaliwa upya barani Afrika, na wasomaji wa ng'ambo wakachukua hatua moja zaidi: wakasema Wakipsigis waliamini hivyo. Kutoka kuimba hadi kuamini, hakuna aliyeuliza njia.

Dola lilikuwa na desturi hiyohiyo, kwa madhara makubwa zaidi. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na mamia yao wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o, mbali na milima yao. Ofisa wa wilaya alichukua kwa uzito mkubwa uwezo wa orgoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa ukoo huo, wa kuchochea watu. Wasichana waliokulia Kapkatet wakati Talai bado wako uhamishoni walikuwa wanaishi chini ya serikali iliyokuwa ikiwaza zaidi juu ya uchawi wa Wakipsigis kuliko Wakipsigis wenyewe. Katika hali hiyo, wimbo wa kumcheka kiumbe wa ajabu wa kizungu si jambo la kitoto.

Tena haukuwa wimbo mmoja. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo, na ule wa wasichana ni wa tatu. Wanaume nao walikuwa na Chemirocha wao, na humo hakuna swala: jina limepanuka na kushika chochote kigeni na kipya kilichoingia nchini. Hapo ndipo mtu anaona kwamba kijiji kimoja, mwaka mmoja, kilikuwa na maoni yasiyolingana juu ya msanii mmoja. Wanaume walimfanya kuwa alama ya zama. Wasichana walimfanya kuwa mchezaji. Mhariri wa gazeti la muziki angelipa pesa nzuri kupata mapokezi yanayotofautiana kiasi hicho.

Kwa miongo mingi mjadala huo uliendelea bila wenyewe. Santuri zilikaa Afrika Kusini, baadaye katika Chuo Kikuu cha Rhodes ambako ILAM ilihamia baada ya kifo cha Tracey mwaka 1977. Nakala zikazunguka Ulaya na Marekani kwa wakusanyaji. Wimbo wa tatu ulipendwa, ukaigwa, ukawekwa kwenye mikusanyo. Kule ulikotoka, waliouimba walizeeka bila kuusikia.

Zamu ikageuka kiasi cha miaka 65 baadaye. ILAM, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, shirika la Tabu Osusa linalojulikana kwa kufukua historia ya benga, na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi za Tracey katika nchi ya Wakipsigis. Walibeba nakala, wakatafuta wazee na jamaa za waimbaji, wakawasikilizisha. Wapo waliorekodiwa ujanani mwao ambao walipatikana wakiwa hai. Mwaka 2015 habari hiyo ilitangazwa katika redio ya umma ya Marekani, na Wamarekani waliokua na Jimmie Rodgers wakasikia kwamba kuna kijiji kilichomwekea kwato.

Kurudishiwa huko hakukumaliza maneno. Kuna wanaoona ni heshima iliyochelewa, na kuna wanaouliza maswali ya fedha. Maswali hayo yana haki. Huko Bristol mwaka 1927 Rodgers alilipwa dola 100 kwa nyimbo zake mbili, na baadaye mikataba yake na Peer ilimpatia mrabaha. Nyimbo zake zina wenyewe, kwa jina na kwa sheria. Nyimbo zilizorekodiwa vijijini Afrika katika enzi hizo ziliandikwa kuwa za jadi, na kitu cha jadi hakina anwani ya kutumia hundi. Jina la Chemutoi Ketienya lilinusurika kwa sababu Tracey alikuwa na nidhamu ya kuandika majina, jambo ambalo warekodi wengine wa zama zake hawakujisumbua nalo.

Rodgers, kwa upande wake, ameketi pazuri. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri, na mwaka 1986 lile la muziki wa roki likampokea kama mmoja wa waliotangulia kuonyesha njia. Wenye roki walipata kwake gitaa, uzururaji na sauti ya mtu asiye na kwao. Maandishi ya majumba hayo hayasemi lolote juu ya swala.

Kericho na Bomet hazikubaki na chepkong peke yake. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake walileta gitaa ndani ya Kikalenjin, na alipofariki mwaka 2007 alikuwa ndiye baba wa nyimbo zinazopigwa mpaka leo kwenye matatu za Litein na Sotik. Waliomfuata wana kinanda cha umeme, studio za mjini na redio zinazotangaza kwa Kikalenjin usiku na mchana. Kantri ya Marekani nayo haikuondoka. Kenya ina waimbaji wake wa kofia pana, akiwemo Elvis Otieno anayejiita Sir Elvis, na Jumapili asubuhi si ajabu kuisikia katika baa ya Kericho kabla nyama haijaiva. Ila ukimtajia mpenzi wa nyimbo hizo jina la Jimmie Rodgers, huenda akakuuliza kama hukukusudia kusema Jim Reeves.